Kruzi kontroli: Jinsi ya kuliwekea gari la zamani la michezo mtambo wa kushikilia mwendo

DEREVA anayesafiri masafa marefu katika gari la zamani la michezo huchoka mguu wa kulia mapema. Kanyagio la mafuta la magari hayo huvutwa na springi, na ni sharti likanyagwe kwa nguvu ile ile safari nzima ili gari lisipunguze wala kuongeza kasi. Mguu unapochoka, mwendo huanza kuyumba: mara kilomita 90 kwa saa, mara 105, na dereva hujikuta akiitazama spidomita badala ya barabara.

Tiba ya uchovu huo ni mtambo wa kushikilia mwendo, ambao madereva wengi huujua kama kruzi kontroli. Magari mengi ya kisasa huja nao kutoka kiwandani. Hata hivyo, magari mengi ya michezo yaliyoundwa miaka ya 1980 na 1990 yaliuzwa bila mtambo huo, ama kwa kuwa wanunuzi wake walitaka gari jepesi lisilo na mapambo, ama kwa kuwa ulitozwa fedha za ziada. Mwenye gari wa aina hiyo anaweza kununua vifaa vilivyo tayari na kuvifunga mwenyewe nyumbani, mradi aelewe kazi ya kila kimoja. Kazi yenyewe si ngumu kupita kiasi, ila ina jambo moja lisilosameheka: kifaa kinachovuta mafuta ya injini bila mguu wa dereva ni lazima kiachie papo hapo kila kinapoamriwa.

Tofauti na kidhibiti mwendo

Nchini Kenya, watu wengi husikia habari za mtambo huu na kuufananisha na vidhibiti mwendo vya matatu. Vifaa hivyo viwili havifanani. Kidhibiti mwendo, kilicholazimishwa na kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, huzuia gari la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa. Dereva hana hiari nacho. Kazi yake ni kuweka ukomo.

Kruzi kontroli, kwa upande wake, haiweki ukomo wowote. Dereva huchagua mwendo autakao, hubonyeza kitufe, nao mtambo huushikilia mwendo huo awe anapanda au kushuka mlima. Akitaka kwenda kasi zaidi, hukanyaga mafuta kama kawaida. Akigusa breki, mtambo hujizima. Kwa hivyo, mtambo huu haumkingi dereva na sheria: ukiwekwa kilomita 130 kwa saa katika barabara yenye ukomo wa 110, utavunja sheria kwa uaminifu mkubwa.

Asili yake

Wazo la mashine inayojirekebisha mwendo ni la kale. Mwaka 1788, James Watt alitumia mipira miwili ya chuma inayozunguka kudhibiti mwendo wa injini za mvuke. Lakini kruzi kontroli ya magari ilibuniwa na mhandisi Mmarekani, Ralph Teetor, aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Hagerstown, jimbo la Indiana. Teetor alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitano kutokana na ajali ya kisu, lakini hilo halikumzuia kusomea uhandisi, kuongoza kampuni ya kutengeneza pete za pistoni na kuwa rais wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani mwaka 1936.

Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa abiria katika gari la wakili wake, ambaye alipunguza mwendo kila alipozungumza na kuongeza kila aliposikiliza. Mtu asiyeona huhisi mabadiliko hayo kwa mwili wote. Teetor alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikauweka katika magari yake ya kifahari ya mwaka 1958. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, na serikali ya Marekani ikaweka ukomo wa maili 55 kwa saa kote nchini mwaka uliofuata, mtambo huo ulipendwa zaidi, kwani mwendo usioyumba huokoa mafuta.

Unavyofanya kazi

Mtambo wa kawaida una sehemu tano. Ya kwanza ni kihisi mwendo, kinachotuma mipigo ya umeme kulingana na mzunguko wa magurudumu. Ya pili ni kompyuta ndogo inayohesabu mipigo hiyo na kuilinganisha na mwendo uliochaguliwa. Ya tatu ni kivutaji, ambacho huvuta kebo iliyofungwa kwenye kilango cha hewa cha injini, kile kile kinachofunguliwa na kanyagio la mafuta. Ya nne ni vitufe vya dereva. Ya tano, na iliyo muhimu kuliko zote, ni swichi za breki na klachi zinazouzima mtambo.

Gari likianza kupanda mlima, mipigo hupungua. Kompyuta hutambua upungufu huo na kuamuru kivutaji kifungue kilango zaidi. Gari likiteremka, kilango hufungwa. Kompyuta nzuri haitazami tu ukubwa wa tofauti iliyopo, bali pia muda ambao tofauti hiyo imedumu, ndipo gari lisirukeruke kama linalosukumwa na kuvutwa. Chini ya takriban kilomita 40 kwa saa, mitambo mingi hukataa kufanya kazi kwa ajili ya usalama.

Vivutaji ni vya aina mbili. Vya zamani hutumia ombwe, yaani nguvu ya kufyonza inayopatikana katika bomba la kuingizia hewa ndani ya injini. Ombwe hilo huvuta kiwambo cha mpira, nacho huvuta kebo. Vya baadaye hutumia mota ya umeme. Aina ya umeme huyafaa zaidi magari yenye turbo, kwa sababu turbo inaposukuma hewa kwa nguvu, ombwe hutoweka na kivutaji cha kwanza hubaki bila nguvu mlimani, pale hasa kinapohitajika.

Gari la mfano

Gari linaloonyesha kazi hii vizuri ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza. Gari hili dogo la viti viwili lilizinduliwa katika maonyesho ya Chicago mwezi Februari 1989, na zaidi ya 400,000 yaliundwa kabla ya kizazi hicho kukoma mwaka 1997. Lilianza na injini ya lita 1.6, kisha ya lita 1.8 kuanzia mwaka 1993. Mengi bado yanaendeshwa Marekani, Uingereza na Japani, na wenyewe hupenda kuyatengeneza kwa mikono yao.

Sifa tatu hulifanya lifae. Kwanza, kanyagio lake la mafuta huvuta kilango cha hewa kwa kebo ya chuma, hivyo kebo ya pili inaweza kufungwa kando yake. Pili, nafasi chini ya boneti inatosha kuweka kivutaji. Tatu, ingawa spidomita yake huzungushwa na kebo kutoka giaboksi, ndani yake mna swichi ndogo inayotoa mipigo ya umeme kwa ajili ya kompyuta ya injini. Mipigo hiyo yaweza kutumiwa na kruzi kontroli pia.

Maandalizi

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari anapaswa kuukagua mfumo uliopo. Kebo ya mafuta isiwe na nyuzi zilizokatika. Kilango cha hewa kifunguke kwa ulaini na kijifunge chenyewe kwa kishindo kinapoachiliwa. Kama kilango hunatanata kwa uchafu, kisafishwe kwanza. Kufunga kruzi kontroli juu ya kilango kinachonata ni kutafuta balaa.

Vilevile, taa za breki zikaguliwe. Mitambo mingi ya kununua hutegemea waya wa taa hizo kujua kwamba breki imekanyagwa. Breki isipokanyagwa, kompyuta hutafuta njia ya umeme inayopita ndani ya balbu hadi kwenye bodi ya gari. Ikiwa balbu zimeungua, au zimebadilishwa kuwa za LED ambazo hazipitishi mkondo kwa namna hiyo, mtambo hukataa kuwaka. Wengi wamesumbuka siku nzima wakitafuta kasoro katika vifaa vipya ilhali kasoro ilikuwa kwenye taa za nyuma. Suluhisho ni kurejesha balbu za kawaida au kuongeza rilei kama inavyoelekezwa na mtengenezaji.

Betri itenganishwe kwa kufungua waya wa hasi. Katika MX-5 ya kizazi cha kwanza, betri haiko chini ya boneti bali ndani ya buti. Gari lenye mfuko wa hewa wa usalama kwenye usukani liachwe kwa dakika kadhaa kabla ya kuguswa, na waya za mfuko huo, ambazo aghalabu hufunikwa kwa rangi ya manjano, zisikatwe wala kuunganishwa na kitu kingine. Kwa sababu hiyo, vitufe vya kruzi kontroli vifungwe kwenye dashibodi au kwenye mkono mdogo ubavuni mwa usukani. Usukani wenyewe usifunguliwe.

Kufunga kivutaji na kebo

Kivutaji hufungwa kwenye ukuta wa chuma chini ya boneti, mbali na bomba la moshi na mahali maji yanaporuka. Kebo yake ipinde taratibu, isikunjwe kwa pembe kali, na isiguse kitu chochote kinachotembea au chenye joto.

Mwisho wa kebo hiyo huunganishwa na gurudumu dogo la kilango cha hewa kwa kutumia kiungo kilichokuja na vifaa. Kanuni ni mbili. Kwanza, kebo ya kruzi kontroli iweze kufungua kilango bila kuizuia kebo ya kanyagio, na kebo ya kanyagio ifanye kazi bila kuisukuma ile ya kruzi kontroli ikajikunja. Pili, ulegevu mdogo wa milimita moja au mbili ubaki wakati kilango kimefungwa. Kebo ikikazwa mno, injini itaunguruma juu hata gari likisimama. Ikilegezwa mno, mtambo utachelewa kushika, na mwendo utashuka kila unapobonyezwa.

Kwa kivutaji cha ombwe, mpira huunganishwa na tundu la bomba la kuingizia hewa, ukiwa na vali ya kuzuia hewa kurudi nyuma. Mpira mnene unaokwenda kwenye breki usikatwe kwa ajili ya kazi hii. Mpira huo ndio unaoipa breki wepesi wake, na uvujaji wowote hapo huifanya breki kuwa nzito.

Waya na swichi

Waya huingizwa ndani ya gari kupitia tundu lenye mpira wa kinga. Tundu likiwa na ncha kali za chuma, siku moja waya utachunika na kugusana na bodi. Umeme wa mtambo uchukuliwe mahali panapopata nguvu tu ufunguo unapowashwa, na upite kwenye fyuzi ya kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha maelekezo. Viungo vya waya vichomelewe kwa risasi au vibanwe kwa vifaa maalumu, kisha vifunikwe. Kusokota waya kwa vidole na kuzungusha utepe hakufai.

Swichi ya breki ina waya mbili. Mmoja una umeme wakati wote. Wa pili hupata umeme breki inapokanyagwa. Mita ya umeme huzitambulisha kwa dakika moja, na si vyema kukisia kwa rangi. Mtambo huunganishwa na waya hizo ili upate ishara mbili: umeme wa kivutaji hukatika, na kompyuta huarifiwa kwamba breki imeguswa. Katika aina ya ombwe, vali hufunguka na hewa kuingia, kiwambo kikalegea. Katika aina ya mota, sumaku inayoiunganisha mota na kebo huachia. Mfungaji asiache njia moja kati ya hizo kwa kuona kuwa nyingine inatosha. Zimewekwa mbili ili moja ikifa nyingine ibaki.

Gari la gia za mkono huhitaji pia swichi ya klachi. Sababu yake ni rahisi. Dereva akikanyaga klachi wakati mtambo umeshika, injini huachwa bila mzigo huku kilango kikiwa wazi, nayo huzunguka kwa kasi inayoweza kuiharibu. Baadhi ya mitambo hutambua mruko huo kwa kusoma mipigo ya koili ya moto na kujizima yenyewe, lakini swichi halisi kwenye kanyagio la klachi ni ya kutegemewa zaidi.

Hesabu ya mipigo

Kompyuta ya mtambo ni sharti iambiwe gari hutoa mipigo mingapi kwa kila kilomita au maili. Kwa desturi ya viwanda vya Japani, kebo ya spidomita huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Swichi ikitoa mipigo 4 kwa kila mzunguko, jumla ni 2,548 kwa kilomita. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kompyuta hupokea takriban mipigo 57 kila sekunde.

Kwa gari lisilo na ishara yoyote ya umeme, sumaku hufungwa kwenye shafti ya propela, na koili huwekwa karibu nayo ili ihesabu kila sumaku inapopita. Hesabu yake huanzia kwenye tairi. Tairi la ukubwa wa 185/60R14, ambalo ndilo la MX-5 ya mwanzo, lina kipenyo cha takriban milimita 578, hivyo husafiri karibu mita 1.81 kwa mzunguko mmoja na kuzunguka mara 551 kwa kilomita. Katika gari la lita 1.6, shafti huzunguka mara 4.3 kwa kila mzunguko wa tairi, yaani mara 2,369 kwa kilomita. Sumaku mbili hutoa mipigo 4,738. Mwenye gari huchagua katika kompyuta kiwango kilicho karibu zaidi na hesabu hiyo. Sumaku zifungwe zikielekeana pande mbili za shafti ili isitikisike.

Majaribio

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Kanyagio hukanyagwa hadi mwisho na kuachiliwa mara kadhaa. Kilango kijifunge kila mara. Kisha ufunguo huwashwa bila kuwasha injini, na taa ndogo ya uchunguzi iliyomo katika mitambo mingi hutumiwa kuthibitisha kwamba kila kitufe, breki na klachi vinasomwa.

Jaribio la pili ni la barabarani, mahali palipo wazi, pakavu, panyoofu na pasipo magari mengi. Mtambo uwekwe kwenye kilomita 60 hivi kwa saa. Jambo la kwanza kupimwa ni kuachia: breki iguswe kidogo tu, kabla haijaanza kupunguza mwendo, na mtambo uachie mara moja. Urudiwe kwa klachi, kisha kwa kitufe cha kuzima. Kila swichi ijaribiwe peke yake. Moja ikishindwa, mtambo usitumiwe tena hadi kasoro ipatikane, hata kama nyingine mbili zinafanya kazi.

Baada ya hapo ndipo ushikaji wa mwendo unapopimwa. Gari likipandisha na kushusha mwendo mfululizo, kipimo cha unyeti kimewekwa juu mno au kebo ina ulegevu. Likipoteza mwendo mlimani, kipimo kiko chini mno au ombwe halitoshi.

Iwapo siku yoyote kilango kitakwama wazi, dereva akanyage breki kwa nguvu na kuishikilia bila kuipigapiga, akanyage klachi au atoe gia, aliongoze gari kando ya barabara, kisha azime injini. Asitoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga.

Mahali pasipofaa

Mtambo huu usitumiwe mvua inaponyesha. Gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likipanda juu ya maji, magurudumu hupoteza mshiko, na mtambo unaweza kuendelea kuyapa nguvu katika wakati mbaya kabisa. Usitumiwe pia katika kona kali, barabara ya changarawe, msongamano wa magari, wala dereva anapohisi usingizi. Mguu uliopumzishwa haupaswi kuwa mbali na breki.

Tena, mtambo huu hauoni gari lililo mbele. Mitambo inayopima umbali kwa rada, kama ule ulioletwa na Mercedes-Benz mwaka 1999, ni kazi nyingine inayohusisha breki na vihisi vingi, na haifai kujaribiwa katika gereji ya nyumbani.

Kampuni ya bima ijulishwe kuhusu badiliko hilo kwa maandishi. Fundi atakayelishughulikia gari siku za usoni naye aachiwe mchoro wa waya zilizoongezwa. Kijitabu cha maelekezo na mchoro huo vikihifadhiwa ndani ya gari, mmiliki atakayefuata hatalazimika kukisia ni waya upi unaoifunga na upi unaoiachia injini.

Aliye na gari jipya zaidi aangalie kwanza kama linatumia kebo. MX-5 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2005, hufungua kilango chake kwa mota inayoongozwa na kompyuta, na magari ya namna hiyo huhitaji vifaa vya aina nyingine kabisa. Kwa magari ya kebo, mwenye mikono mitulivu, mita ya umeme na subira anaweza kuimaliza kazi kwa siku mbili. Siku ya pili yote itumike kwa majaribio, na majaribio ya breki yarudiwe kila gari linapofanyiwa matengenezo.